Uzi: "Hot than", "very hotter", "hotter temperature" – namna ya kulinganisha joto katika Kiingereza cha maandishi

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kuhariri ripoti za kitaalamu zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao, kama mimi, walijifunza kufikiri kwa Kiswahili kwanza. Makosa mengi nimeyazoea, nayasahihisha bila kusimama. Liko eneo moja tu ambalo hunisimamisha kila mara, nalo ni sentensi zinazolinganisha joto. Mtu ameandika kurasa ishirini bila doa, lakini akifika mahali pa kusema kwamba kimiminika hiki kina joto kuliko kile, lugha inamponyoka. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu naamini mengi ya makosa hayo yana mzizi mmoja, na mtu akishauona mzizi huo hana haja ya kukariri orodha ya sheria.

Mzizi wenyewe ni neno letu "joto". Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Joto ni ile hali tunayoisikia mwilini, kama tunaposema "leo nasikia joto". Joto pia ni kipimo, kama tunaposema "joto limefika nyuzi 38". Tena joto ni ile nishati inayotoka kwenye moto na kuingia kwenye sufuria. Kiswahili cha sayansi kimetupatia neno halijoto, na wengine husema jotoridi, ili kipimo kipate jina lake chenyewe, lakini tukiacha vitabu na kuanza kuzungumza tunarudi kwenye "joto" lile lile. Kiingereza kimeigawa mizigo hiyo mapema: hali ya kitu ni "hot", kipimo ni "temperature", nishati ni "heat". Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya ulinganishi, mwandishi anapaswa kujiuliza analinganisha nini: kitu chenyewe, kipimo chake, au tofauti iliyopo kati ya vipimo viwili.

Tuanze na kitu na kipimo chake. Maji, hewa, chuma, chumba na siku ndivyo vinavyoweza kuwa "hot", "warm", "cool" au "cold". Halijoto ni idadi, na idadi huwa kubwa au ndogo, hupanda au hushuka. Kwa hiyo katika Kiingereza huwa "high" au "low". Tunaandika "The oil is hotter than the water", au tunaandika "The oil is at a higher temperature than the water". Sentensi zote mbili ni safi. Kinachonisumbua ni mchanganyiko wake, "a hotter temperature". Fikirini namna tunavyozungumzia umri. Babu ni mzee, na umri wake ni mkubwa. Hakuna anayesema kwamba umri wa babu ni mzee. Kipimo hakivai sifa ya kitu kinachopimwa. Ni kweli kwamba wenye lugha wenyewe husema "warm temperatures" katika mazungumzo, na katika taarifa za hali ya hewa utayasikia maneno hayo mara nyingi. Sitamkosoa mtu anayezungumza hivyo. Katika maandishi makini hali ni tofauti, na hata mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press unawaelekeza waandishi kwamba halijoto hupanda au hushuka, wala haiwi "warmer" au "cooler".

Kosa la pili ndilo ninalolikuta zaidi kuliko yote: "Today is hot than yesterday". Anayeandika hivyo si mvivu. Anatafsiri kwa uaminifu mkubwa. Katika "leo kuna joto kuliko jana", neno "joto" halibadiliki hata herufi moja, na kazi yote ya kulinganisha inafanywa na "kuliko". Mwandishi anaiona "than", anadhani amekipata kisawe cha "kuliko", na anaiachia kazi yote. Lakini "than" ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine inafanywa na kivumishi chenyewe, ambacho ni lazima kibadilike umbo: "hotter than", "colder than", "warmer than", "cooler than".

Akishaambiwa hivyo, mwandishi huyo huyo hukimbilia upande wa pili. Neno "zaidi" linamwita, naye anaandika "more hot", au kwa tahadhari ya kupita kiasi anaandika "more hotter", ambapo ulinganishi umefanywa mara mbili. Vivumishi vifupi vya joto huchukua kiambishi "-er", na hapo "more" haina nafasi. Vile vinavyochukua "more" ni virefu kidogo, kama "humid", ambacho huwa "more humid". Maneno kama "freezing" na "boiling" yameshafika mwisho wa ngazi, na mwandishi makini hayapandishi tena. Akitaka kusema hali imekuwa mbaya zaidi, hurudi kwenye "colder" au "hotter". Kuhusu tahajia sina mengi: "hot" hurudia "t" na kuwa "hotter", "cool" hairudii "l", kwa hiyo ni "cooler", "chilly" hubadili "y" na kuwa "chillier".

"Very hotter" nayo ina mantiki yake ya Kiswahili, kwa sababu "sana" yetu inakwenda popote: joto sana, joto zaidi sana, limeongezeka sana. "Very" haina uhuru huo. Inaambatana na kivumishi ambacho hakijalinganishwa, "very hot", lakini kikishalinganishwa inaachia nafasi "much" au "far": "much hotter", "far colder". Tofauti ikiwa ndogo tunaandika "slightly warmer". Tofauti ikijulikana kwa namba, namba hutangulia: "three degrees warmer than". Hapo msisahau kwamba kipimo kikitumika kama kivumishi mbele ya nomino hupoteza wingi wake na kuunganishwa kwa kistari, kwa hiyo ni "a three-degree rise", wala si "a three degrees rise".

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kiswahili kinatusaidia, nasi hatuutumii msaada huo. Soma sentensi hii: "The temperature of the oil is higher than the water." Wengi hawaoni kosa. Sentensi inalinganisha halijoto ya mafuta na maji yenyewe, yaani idadi na kimiminika, vitu viwili visivyo vya jamii moja. Isome kwa Kiswahili sahihi: halijoto ya mafuta ni ya juu kuliko ya maji. Ile "ya" iliyosimama mbele ya "maji" ndiyo mlinzi wetu, na katika Kiingereza cheo chake kinashikwa na "that of": "higher than that of the water". Ikiwa ni wingi, inakuwa "those": "Temperatures on the coast are lower than those inland." Basi kila Kiswahili chako kinapodai "kuliko ya" au "kuliko za", Kiingereza chako kinadai "that" au "those". Nimewafundisha vijana wawili kazini kanuni hii moja tu, na kosa hilo limekwisha katika kazi zao.

Lililonisukuma hasa kuandika uzi huu ni ripoti moja niliyopewa niihariri. Ilihusu jokofu la kuhifadhia sampuli ambazo zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri, halijoto ikapanda hadi nyuzi 14, kisha mlango ulipofungwa ikarudi hadi nyuzi 5. Mwandishi aliandika: "After the door was closed, the temperature fell to 9 °C." Yeye alikusudia kusema kwamba imeshuka kwa nyuzi 9, na hesabu yake ilikuwa sahihi, kwani 14 ukitoa 9 unabaki na 5. Lakini msomaji wa sentensi ile anaelewa kwamba hata baada ya mlango kufungwa jokofu lilibaki nje ya kiwango, na kwamba sampuli zote ni za kutupwa. Niligundua kwa bahati tu, kwa sababu kiambatisho cha mwisho kilikuwa na jedwali la vipimo, na safu ya mwisho ilionyesha 5. Kati ya "to" na "by" palikuwa na maisha ya sampuli nzima.

Kiswahili sanifu kinatofautisha mambo hayo vizuri kabisa: imeshuka kwa nyuzi 9 ni "fell by", imeshuka hadi nyuzi 5 ni "fell to". Tatizo ni kwamba katika usemi wa haraka tunaangusha yote mawili na kusema "imeshuka nyuzi tisa", tukitegemea msikilizaji ajue mwenyewe. Ukitaka usalama, andika vyote: "fell by 9 degrees, from 14 °C to 5 °C". Hakuna mhariri mwema atakayekulaumu kwa urefu huo. Na "fell" ikishataja mwelekeo, alama ya kutoa haihitajiki tena. Anayeandika "fell by −9 °C" amesema, kwa hesabu kali, kwamba halijoto imepanda.

Kutoka hapo tunaingia kwenye tofauti, na hapa wanaoanguka ni hata wale wenye Kiingereza kizuri. Nyuzi 2 za Selsiasi kwenye kipimajoto ni sawa na nyuzi 35.6 za Fahrenheit. Lakini ongezeko la nyuzi 2 za Selsiasi ni ongezeko la nyuzi 3.6 tu za Fahrenheit. Ile 32 inayoongezwa wakati wa kubadilisha inahusu mahali sifuri ilipowekwa, na tofauti haina habari na sifuri. Kinachobaki ni kuzidisha kwa 1.8. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi yanazungumzia kuzuia ongezeko la halijoto ya dunia lisifike nyuzi 2 na kujitahidi lisivuke 1.5 juu ya viwango vya kabla ya zama za viwanda. Kwa Fahrenheit hayo ni 3.6 na 2.7. Anayeandika "2 °C warmer, or 35.6 °F warmer" ameitabiria dunia maangamizi kwa kosa la kikokotoo.

La mwisho kwa leo ni "twice as hot". Sentensi "At 20 °C the room was twice as hot as at 10 °C" ina sarufi isiyo na kasoro, lakini haina maana. Ibadilishe iwe Fahrenheit uone: 10 inakuwa 50, na 20 inakuwa 68, na 68 si mara mbili ya 50. Chumba ni kile kile, hewa ni ile ile, "mara mbili" imetoweka. Sababu ni kwamba sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, wala si mahali joto linapokwisha. Asilimia ina ugonjwa huo huo: kutoka nyuzi 20 hadi 22 si "10 per cent hotter", ingawa kikokotoo kitakuambia hivyo. Andika "two degrees warmer", utakuwa umesema kweli kwa vipimo vyote.

Naomba maswali na masahihisho.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kazi hii. Nina swali na nina nyongeza. Swali: kwa skeli ya kelvini, ambayo sifuri yake ni sifuri halisi, je, hatuwezi kuandika "twice"? Nyongeza: umetaja "heat" mwanzoni ukaiacha, nami naona wanafunzi wangu wakiandika "The boiling water has more heat than the bucket of warm water" kana kwamba ni sawa na "is hotter".

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umenikumbusha vyema. Ndiyo, kwa kelvini uwiano una maana, lakini tazama matokeo yake. Nyuzi 10 za Selsiasi ni kelvini 283.15, mara mbili yake ni kelvini 566.3, yaani zaidi ya nyuzi 293 za Selsiasi. Hicho si chumba tena, ni tanuri. Kwa hiyo hata pale inaporuhusiwa, ningeandika "twice the absolute temperature" badala ya "twice as hot", ili msomaji ajue nimesimama kwenye skeli ipi. Na kwa kuwa tumeigusa, kelvini haiandikwi na alama ya nyuzi: ni "300 K". Alama hiyo iliondolewa mwaka 1967 na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani. Mkutano huo huo, mwaka 1948, ndio ulioamua kwamba "centigrade" iitwe "Celsius", ingawa sisi "sentigredi" bado tunayo midomoni.

Kuhusu nishati, uko sahihi kabisa. Kijiko kimoja cha maji yanayochemka ni "hotter" kuliko ndoo ya maji vuguvugu, lakini ndoo ile, kwa wingi wa maji yake, inaweza kutoa nishati nyingi zaidi hadi ipoe. "Hotter" inalinganisha hali, "more heat" inalinganisha kiasi, na mwanafunzi anayezichanganya hukosa alama za lugha na za fizikia kwa pamoja. Tena mwanafizikia makini haandiki hata kwamba maji "has heat". Husema "gives off more heat", kwa kuwa nishati huitwa "heat" inapokuwa safarini kutoka kitu kimoja kwenda kingine.

Mfasiri wa Zamu ya Usiku

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi hutatizwa na namba hasi. Nikiwa na −30 na −40, naweza kweli kuandika "warmer" wakati pande zote mbili ni barafu tupu? Na je, −40 ni "higher" au "lower", maana arobaini ni kubwa kuliko thelathini?

Mwanzisha uzi

Dada au kaka, swali lako ni zuri, na ndilo linaloonyesha tabia halisi ya ulinganishi. "Warmer" haidai kwamba kitu ni "warm". Inadai tu kwamba kimezidi kingine kwenye ngazi ile ile. Mtoto wa miaka mitatu ni mkubwa kuliko wa miaka miwili, na wote ni wadogo. Kwa hiyo "At −30 °C it was warmer than the night before" ni sentensi halali kama usiku uliotangulia ulikuwa −40. Hata hivyo sikio la msomaji hustuka, na mwandishi mwenye huruma huandika "less cold" au "not as cold as", ili mwelekeo uonekane bila kuahidi uvuguvugu usiokuwepo.

Kuhusu juu na chini, tazama kipimajoto, usitazame tarakimu. −40 iko chini ya −30, kwa hiyo ni "lower". Epuka "bigger", "greater" na "smaller" unapokuwa chini ya sifuri, kwani hapo ndipo msomaji hajui kama unalinganisha tarakimu au halijoto. "Ten degrees colder" haina utata wowote. Kwa bahati, −40 ndiyo namba pekee ambayo Selsiasi na Fahrenheit hukutana, kwa hiyo hapo hata ukisahau kutaja skeli hujampotosha mtu.

Kwa kuwa tuko kwenye baridi kali, niseme pia kuhusu "any other". Kituo cha Vostok huko Antaktika kilirekodi nyuzi −89.2 za Selsiasi tarehe 21 Julai 1983. Ukiandika kwamba siku ile Vostok ilikuwa "colder than any place on Earth", umeitoa Vostok nje ya dunia, kwa sababu nayo ni mahali duniani na haiwezi kujizidi yenyewe. Andika "colder than any other place". Kiswahili kinasema "kuliko mahali pengine popote", na lile "pengine" ndilo "other" yenyewe. Ukitumia "coldest", iwekee "the" mbele yake, na badala ya "ever" andika "on record", kwani tunachokijua ni kilichopimwa tu.

Muuguzi Mwandishi

Samahani kwa kuchelewa. Kwetu wodini tunaandika taarifa za wagonjwa kwa Kiingereza, na nimeona "The patient has a hot fever", "strong fever" na "more temperature than in the morning". Ipi ni sahihi?

Mwanzisha uzi

Hakuna hata moja, ndugu yangu, na kila moja ina mama yake katika Kiswahili. "Homa kali" imezaa "strong fever", lakini Kiingereza huipima homa kwa kimo kama kinavyoipima halijoto: "a high fever", "a higher fever". Mgonjwa ndiye anayeweza kuwa "hot", na ngozi yake inaweza kuwa "hot to the touch". "He has a temperature" ni usemi wa mazungumzo wenye maana ya kwamba ana homa, ingawa kila aliye hai ana halijoto, kwa hiyo kwenye taarifa ya wodini ningeuepuka. "More temperature" haipo, kwa sababu halijoto haijazwi kwenye chombo ikawa nyingi.

Wewe una kipimajoto mkononi, basi kiache kiseme: "Her temperature was 39.1 °C at 18:00, 0.8 degrees higher than at 06:00." Angalia mambo mawili katika sentensi hiyo. "Degrees" imebaki katika wingi ingawa 0.8 haijafika moja, na ndivyo Kiingereza kinavyotaka kwa desimali. Tena nimeandika "than at 06:00", kwa sababu kinacholinganishwa ni kipimo cha saa ile na kipimo cha saa hii. "Than 06:00" ingelinganisha halijoto na saa ya ukutani. Daktari wa zamu akisoma mstari huo anajua homa imepanda kiasi gani, tangu lini, na asubuhi ilikuwa 38.3, hata kama ukurasa wa asubuhi haupo mbele yake.